"Vit K" kwenye kadi ya mtoto: ni potasiamu? Naombeni ushauri

Mama Kachanga: Habari zenu wapendwa. Nimejifungua juzi. Leo nikipitia kadi ya mtoto nimekuta "Vit K 1 mg", na kwenye paja lake kuna kidoa chekundu cha sindano. Shemeji yangu aliyesoma kemia anasema K ni potasiamu, na ikizidi mwilini moyo husimama. Tangu hapo silali, kila mara naweka mkono kifuani mwa mwanangu. Amechomwa nini?

Mkunga wa Zamu: Hongera mwanangu, na pole kwa hofu. Ni vitamini K, si potasiamu. Shemeji hajakosea kemia yake: K ya potasiamu imetokana na neno kalium. Hii ya vitamini ina asili nyingine kabisa. Mdenishi Henrik Dam alilisha vifaranga chakula kisicho na mafuta, akaona wanavuja damu chini ya ngozi. Mwaka 1935 alikiita kirutubisho kilichokosekana vitamini K, kutokana na neno Koagulation, yaani kuganda kwa damu. Jina ndilo kazi yake.

Mtoto huzaliwa na akiba ndogo mno, maana inayopita kwenye kondo la nyuma ni kiasi kidogo tu. Asipopewa anaweza kuvuja damu kitovuni, tumboni, hata kwenye ubongo, na hilo huweza kutokea akiwa na wiki au miezi kadhaa. Nimewahi kumpokea mmoja wa hivyo, simsahau.

Baba Pacha: Dada, hata sisi tulichanganya. Mzee wangu anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, akaambiwa asibadilishe ghafla kiasi cha vyakula vyenye vitamini K. Akaacha ndizi! Kumbe ndizi ni potasiamu. Kwenye majibu ya maabara, K ikiwa jirani na "Na" (sodiamu), kwa kipimo cha mmol/L, hiyo ndiyo potasiamu.

Mama Kachanga: Mungu awabariki, nimepumua. Je, nikila mboga za majani kwa wingi, maziwa yangu yangetosha bila sindano?

Mkunga wa Zamu: Hapana mwanangu. Kula mboga kwa afya yako, lakini maziwa ya mama yana vitamini K kidogo sana, ndiyo maana tunachoma. Hata hivyo, ukiona damu kitovuni au puani, michubuko isiyo na sababu, au choo kinarudi kuwa cheusi baada ya kile cha siku za mwanzo kwisha, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, na kadi uende nayo.