Majirani Chikongola: kufuli la bweni

Mama Zuhura: Jamani, kikao cha wazazi Jumapili saa nne. Mwalimu ameomba nafasi ya kuzungumza.

Baba Rama: Mchango gani tena 😅

Mwalimu (mstaafu): Si mchango, Baba Rama. Ni bweni la wasichana. Alhamisi nilimpelekea mjukuu wangu sabuni. Nondo za madirisha zimechomelewa zote, mlango wa nyuma una kufuli. Nikamuuliza matroni ufunguo uko wapi, akaufungua kwenye pindo la kanga. Naye analala ng'ambo ya uwanja.

Somoe: Shikamoo Mwalimu. Nondo si tulizidai wenyewe? Vijana walikuwa wanaingia usiku. Binti yangu yumo mle.

Mwalimu: Marahaba. Najua mwanangu. Ila mwaka 1994 nilikuwa nafundisha Rombo. Tarehe 18 Juni bweni la Shauritanga likaungua, inasemekana ni mshumaa. Walikufa wasichana zaidi ya 40. Nako madirisha yalikuwa na nondo. Bweni la shule ya Kyanguli kule Machakos, Kenya, Machi 2001, walikufa kwa moto wavulana 67, na mlango mmoja ulikuwa umefungwa.

Baba Rama: Kyanguli si petroli ilimwagwa makusudi? Huo ni uhalifu.

Mwalimu: Petroli iliwasha moto. Kilichowazuia kutoka ni mlango.

Hamisi: Pweza wa leo wapo, wakubwa kwa wadogo 🐙

Mama Zuhura: Hamisi!! Hapa tunaongea mambo ya watoto.

Somoe: Nibakizie kilo moja. Mwalimu, sasa wezi tutawazuiaje?

Fundi Chande: Hilo dogo. Grili moja kila upande naikata, natia bawaba, komeo linakaa ndani na bamba la chuma mkono wa nje usifike. Mlangoni naweka komeo la ndani. Nje haufunguki, ndani hata mtoto anaufungua gizani.

Somoe: Hapo sawa. Ila shule watasema fungu hakuna.

Mwalimu: Wameshasema. Barua ya kwanza kimya. Ya pili nikaambiwa nimestaafu, nipumzike. Ya tatu nimepeleka kwa afisa elimu, nakala zimamoto.

Mama Zuhura: Upumzike, na mjukuu wako amefungiwa? Haya bwana.

Baba Rama: Mimi nasubiri malipo ya korosho, Mwalimu. Mfuko mtupu.

Mwalimu: Sitaki hela yako. Njoo Jumapili na Mama Rama, maana yeye hasemi chini chini.

Baba Rama: 🤣🤣 Huyo hata usipomwita atafika.

Fundi Chande: Kesho nakwenda kupima madirisha, niwe na bei mkononi. Mama Zuhura, mpigie matroni, yule mlinzi hanijui.