"MJUSI WAKO HANA ADABU"??? Mimi niambiwe hayo mbele ya baraza zima?

Natoka barazani sasa hivi mikono yanitetemeka, nikikosea herufi mnisamehe. Yule bwana, mnamjua, yule wa kikoi mpaka kifuani anayejua kila kitu kuanzia siasa mpaka dawa ya chango, leo kaniambia mbele ya watu, muuza kahawa kashika dele juu hata kumimina kasahau, ati "mjusi wako hana adabu, mfundishe." Kinyonga wangu, MJUSI. Hana adabu.

Nilimwachia kinyonga siku mbili tu nikaenda arusini Malindi. Tundu la wavu, liko chini ya mwembe, juu nimetandika makuti, jua apata la asubuhi tu basi. Nikamwambia kazi yako moja, asubuhi na jioni pulizia maji yale majani alambe matone. Moja! Kaskazi hii saa saba mchana hata mimi natamani kupuliziwa.

Narudi tundu liko darini juu ya mabati, kalifunga nailoni gubigubi ati unyevu usitoroke, upepo hauingii hautoki, joto lile ungekaanga bajia bila mafuta wallahi. Maji kamtilia kwa kikombe cha kahawa! Kinyonga hajui kikombe, angekufa kiu huku akikikodolea, jicho hili huku lile kule. Nimemkuta mweupe kama kanzu ya Ijumaa, kinywa wazi. Kule kuachama ni joto, anahema maskini! Bwana yule kaona anatukanwa. "Mtu mzima mimi ananiachamia kinywa, mjusi wako hana adabu." Na watu wakacheka. Hata muuza kahawa, na nilikuwa sijamlipa.

Kinyonga mzima, nimemrudisha kivulini nikampulizia taratibu akaanza kulamba. Mimi ndiye sijapoa. Mjusi!!

ViaziKarai: Kwani si mjusi? Kinyonga ni jamii ya mijusi, bwana hajakosea hapo

Mwenye uzi: Toka hapa

BintiKibokoni: Mi angeniachamia hivyo ningehama nyumba 😂

Mzee wa Tudor: Mwanangu, wa pembe tatu ama? Wale wa milimani huko Mlima Kenya wamezoea baridi, Mombasa utamuua hata bila mabati

Mwenye uzi: La mzee wangu, huyu ni wa hapahapa Pwani, shingoni ana vikofi vya ngozi

KanzuKuukuu: Kibali cha KWS, wale wa wanyamapori, unacho? Kinyonga si kuku

Mwenye uzi: Tunazungumzia ADABU hapa

KanzuKuukuu: Hana kibali huyo

Chaani_Juu: Ngoja kwanza, ati maji mara mbili kwa siku?? Huku mfereji wakohoa tu, twanunua kwa mkokoteni mtungi mtungi na wewe wamnyeshea dudu mvua

BintiKibokoni: Usinikumbushe wa mkokoteni wetu, jana kaniambia kumi nikahesabu tisa, kumuuliza kanuna yeye

ViaziKarai: Wa kengele? Huyo namjua, alfajiri hata jogoo hajaamka yeye kengele ngalangala

Chaani_Juu: Afadhali kengele, wetu anaimba

Mwenye uzi: Jamani lakini kaniambia mjusi mbele ya

BintiKibokoni: Anaimba nini?

Chaani_Juu: Taarabu. Na sauti hana

KanzuKuukuu: Mwenye namba ya wa maji asiye na kengele wala taarabu anitumie inboksi