Akupancha, vidonge au mwanasaikolojia kwa wasiwasi na IBS?

Kipepeo_Mweusi:
Wakuu, habari zenu. Nina wasiwasi uliopitiliza na tumbo halitulii, daktari kasema ni IBS, yaani utumbo unaosumbua bila ugonjwa unaoonekana kwenye vipimo. Nimebaki na njia tatu: amitriptilini (kidonge cha zamani cha sonona) ya dozi ndogo, mwanasaikolojia, au akupancha, ile tiba ya Kichina ya kuchomwa sindano. Mtaalamu wa sindano anataka nilipie awamu nzima mapema na anasubiri jibu wiki hii. Waliowahi kutumia naombeni uzoefu.

Nungunungu:
Pole mkuu, ila mada umeileta nusu. IBS ya kuharisha, ya kufunga choo au vyote kwa zamu? Umepimwa nini? Choo kina damu? Uzito unashuka wenyewe? Tumbo linakuamsha usiku? Una umri gani? Ukijibu ndiyo kwa hayo ya katikati, achana na sindano kwanza, rudi hospitali.

MamaPacha:
Na useme kama una mimba, unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au una kifaa cha moyo kifuani. Siku hizi wengine wanaunganisha umeme kwenye zile sindano.

Kipepeo_Mweusi:
Kuharisha, hasa asubuhi nikiwa na jambo la kunitia presha. Damu hakuna, vipimo vya damu na choo viko sawa. Hayo ya mimba na moyo hayanihusu.

Sindano_Tu:
Nenda kwenye sindano bila kusita. Ni nyembamba kama unywele na hazina dawa ndani. Wanachoma chini ya goti upande wa nje, wanaita Zusanli, wanachoma kwa ndani ya mkono juu kidogo ya kifundo cha mkono kati ya zile kano mbili, halafu kandokando ya kitovu. Unalala umetulia, wengine wanakoroma kabisa. Mimi usingizi ulirudi na tumbo likapoa. Na kwa wapenda tafiti: mwaka 2020 Wachina walichapisha jaribio la wagonjwa 531, akupancha ikazishinda pinaverium na polyethylene glycol, dawa za kutuliza tumbo na kulainisha choo. Mnasemaje hapo?

Nungunungu:
Tunasema waliochomwa walijua wanachomwa, hivyo matumaini tu yangeweza kuwapa nafuu. Mapitio ya Cochrane (mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba) ya 2012 yalikusanya majaribio 17, na pale sindano halisi ziliposhindanishwa na za kuigiza, tofauti ya maana haikuonekana. Mwongozo wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, unasema kabisa akupancha isihimizwe kwa IBS.

Sindano_Tu:
Hao wazungu na makaratasi yao. Mtu kapona, wewe unauliza kapona kwa kibali cha nani?

Nungunungu:
Nauliza kwa sababu anatakiwa alipe awamu nzima kabla hajaona chochote.

MamaPacha:
Hapo kwenye kulipa mapema ngoja niseme. Nililipa yote. Siku ya kwanza hakuniuliza kama nimekula, nikachomwa nikiwa na njaa, jasho jembamba likanitoka na macho yakaingia giza. Akasema ni "nguvu inafunguka". Siku nyingine alizitoa haraka haraka kwa sababu mteja mwingine alishafika. Navaa soksi, nahisi kitu kinakwaruza: sindano moja bado iko juu ya kifundo cha mguu. Hayo yote nilivumilia. Kilichoniumiza ni aliponiambia niache vidonge vya wasiwasi ghafla, eti vinazuia sindano kufanya kazi. Nikawa nasikia kama shoti ya umeme kichwani kila nikigeuza macho, kizunguzungu, silali, nalia bila sababu, na tumbo likawa baya kuliko mwanzo. Daktari alinirudisha kwenye vidonge, akaja kunipunguzia polepole. Hela yangu sikurudishiwa. Yeyote anayekwambia uache dawa za daktari ghafla, chukua viatu vyako uondoke.

Sindano_Tu:
Huyo alikuwa kanjanja, usiipakazie tiba nzima.

Msomi_Usiku:
Mnagombana wakati jibu zuri zaidi liko katikati. Mwaka 2008 Ted Kaptchuk wa Harvard na wenzake waligawa wagonjwa 262 wa IBS makundi matatu. Waliosubiri tu, asilimia 28 walisema wamepata nafuu ya kutosha. Waliopewa sindano za kuigiza, 44. Waliopewa za kuigiza pamoja na mtaalamu mpole anayewasikiliza kwa utulivu, 62. Hakuna aliyechomwa sindano ya kweli hapo. Tumbo na ubongo vinaongea muda wote, na mtu akisikilizwa tumbo nalo linasikia. Kwa hiyo mimi ningeanza na mwanasaikolojia anayefanya CBT (tiba ya mazungumzo ya kubadili mawazo na tabia), maana ndiye anayegusa wasiwasi na tumbo kwa pamoja.

Kifaru_Mpole:
Mbona hamtaji hipnotiba ya tumbo, ile ya kutulizwa kwa maneno hadi akili ilenge tumbo? Daktari Whorwell wa Manchester aliichapisha tangu 1984. Na ile lishe ya kupunguza FODMAP (sukari zinazochachuka tumboni) ya Chuo Kikuu cha Monash, Australia: unapunguza vitunguu, ngano, maharage na maziwa kwa muda, kisha unarudisha kimoja kimoja uone mchokozi ni nani.

Sindano_Tu:
Kumbe sindano ni uongo ila kulazwa usingizi na mtu anayekunong'oneza ndiyo sayansi! 😂

Kifaru_Mpole:
Hulazwi usingizi, unakuwa macho. Soma kwanza.

Nungunungu:
Kuhusu amitriptilini: jaribio la ATLANTIS la 2023 lilionyesha inasaidia IBS, miligramu 10 ikipandishwa hadi 30. Inafunga choo kidogo, na kwa anayeharisha hilo si baya. Ila kwa dozi hiyo usiitegemee kwa wasiwasi, ni ya tumbo. Meza usiku, inaleta usingizi na mdomo mkavu.

Kipepeo_Mweusi:
Asanteni. Nimemuuliza yule wa sindano kama naweza kulipia kila ninapoenda, kasema atafikiria. Mwanasaikolojia ana foleni ndefu.

MamaPacha:
Akikubali, hakikisha sindano anazifungua mbele yako kutoka kwenye pakiti mpya. Na kama una vidonge vya daktari, usiviache ghafla.

Tausi_wa_Bondeni:
Samahani kuingilia, ile ya kuchoma masikioni kwa kuacha sigara nayo ipoje?

Sindano_Tu:
Njoo inbox.

Nungunungu:
Asijibiwe inbox, ajibiwe hapa hapa wote tuone.