UKOO WA KILOSA: ada ya Zawadi

Shangazi Mkubwa 19:02
Habari za jioni ukoo. Ada ya Zawadi mwisho Ijumaa. Chuo cha mtandaoni, cha Marekani. Kopi, ongeza jina lako:
1. Shangazi Mkubwa 100,000 ✅
2.

Shangazi Mkubwa 19:40
Watu 31 mmesoma. Tiki za bluu naziona.

Baba Junior 19:48
Shikamoo dada. Chuo gani hicho? Akimaliza nani atamwajiri?

Shangazi Mkubwa 19:50
Marahaba. Mandela alisomea sheria UNISA, chuo kikuu cha Afrika Kusini, kwa posta, kapata shahada 1989 akiwa kifungoni. Sembuse Zawadi mwenye simu?

Mjomba Dodoma 19:53
Basi tumfunge na yeye, gereza la Isanga lipo hapa jirani 😂

Kulwa 19:53
😂😂😂 mjomba jamani

Shangazi Mkubwa 19:55
IJUMAA jamani!!

Mama Kulwa 21:15
Shikamoo wifi, ndio natoka kazini. Maombi ya kazi napokea mimi, niseme ninachokiona mezani. Cheti cha Chuo Kikuu Huria hakimshtui mtu. Ni cha serikali, kipo tangu miaka ya tisini, mitihani inasimamiwa, na bosi wangu kasoma huko huku anafanya kazi. UNISA vilevile. Kinachokwama ni cha chuo cha nje tusichokijua. Hapo GPA hatuiangalii, tunataka barua ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Serikalini ndiyo kabisa, matangazo yao yanasema wazi vyeti vya nje vihakikiwe TCU. Mwezi uliopita kaja kijana na cheti kizuri, muhuri wa dhahabu, ukiupapasa umeinuka kabisa. TCU hawakitambui chuo. Alilia pale pale kwenye kiti, wifi. Miaka mitatu ya ada.

Baba Junior 21:20
Yale yale ya diploma ya Side.

Kaka Side 21:24
Nimekaa kimya ila mnanitafuta. Shamba sikuuza mimi.

Shangazi Mkubwa 21:25
Side, sio leo.

Kaka Side 21:26
_Ujumbe huu umefutwa_

Babu 21:52
Shamba niliuza mimi. Cheti sijakiona mpaka leo. Zawadi atoe jina la chuo, Mama Kulwa aulize TCU. Kabla ya hapo pesa yangu haitoki.

Shangazi Mkubwa 22:30
Sawa baba.

Zawadi 22:34
Shikamooni. Babu nimesikia. Huria pointi zangu za form six hazitoshi, ningeanza na kozi ya msingi kwanza. Ndio maana nikachagua hiki. Jina nimemtumia Mama Kulwa pembeni.

Mama Kulwa 22:41
Nimeliona, silijui. Kesho nauliza. Ila hiyo kozi ya msingi usiikimbie mwanangu.

Baba Mdogo Songea 06:11
Nimetuma 50. Ni ya Huria. Kama ni Marekani nirudishiwe.

Shangazi Mkubwa 06:15
2. Baba Mdogo Songea 50,000 ✅ (ana masharti)
3.
Wengine? Zawadi, Huria dirisha la maombi linafungwa lini?