Dogo kakatwa na grenda kifundo cha mkono, vidole havikunjiki. Tusubiri?

Wakuu, habari za humu. Mdogo wangu ni kibarua kwenye karakana ya mageti, Unga Limited hapa Arusha. Wiki iliyopita grenda ilimrukia ikamkata kifundo cha mkono wa kushoto, upande wa kiganja. Zahanati walimshona, wakamchoma sindano ya pepopunda. Kidonda kinakauka vizuri, ila shahada na kidole cha kati havikunjiki, na gumba lina ganzi. Bosi anasema tusubiri nyuzi zitolewe, halafu eti kibarua hana fidia.

Nesi wa Zamu: Msisubiri! Kupona ngozi ni kitu kimoja, mkono ni kingine. Hapo kifundoni kano za kukunjia vidole zimebanana na mshipa wa fahamu unaohudumia gumba, shahada na kidole cha kati. Kwa dalili hizo, huenda vyote vimekatika. Kano ikikatika hujivuta kupanda juu. Zikipita wiki mbili tatu, kuiunga inakuwa kazi ngumu, pengine mpaka wachukue kano ya sehemu nyingine. Mpelekeni kwa daktari wa mifupa, hospitali ya KCMC hapo Moshi wapo. Na asichuliwe na mtu.

Fundi Geti: Pole mkuu. Alifunga disko la kukatia mbao, lile la meno? Kava lilikuwepo?

Mtoa mada: La meno, ndiyo. Kava walishalitoa, linachelewesha kazi.

Fundi Geti: Nilijua tu. Grenda ndogo inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Meno yakinasa kwenye ubao inakurukia hata hujashtuka. Glavu za nyuzi nazo usiseme, zinavutwa pamoja na mkono.

Babu Kijenge: Bosi anawapiga chenga. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ni ya 2008, na anayechangia WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi) ni mwajiri, mfanyakazi hakatwi senti. Mkataba wa mdomo nao ni mkataba. Mpeni bosi taarifa kwa maandishi, mbaki na nakala. Tunzeni karatasi za zahanati, picha ya hiyo grenda, na meseji za malipo. Dai lisipitishe miezi 12.

Nesi wa Zamu: Sawa, ila mkono kwanza. Mkifika mtaje tarehe ya ajali mapema, msije mkapangiwa kliniki ya mwezi ujao.

Mtoa mada: Tunapanda Kosta ya alfajiri. Bosi nimemsomea hiyo ya WCF, ghafla nauli imepatikana.