Niache kazi ya benki nikasomee uzamivu wa viwango vya ubadilishaji wa fedha?

Nyawira_K
Wadau, hamjambo. Nina uzamili wa uchumi, nauza na kununua fedha za kigeni katika benki moja hapa Nairobi. Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160, waagizaji wakawa wananililia kwenye simu. Februari serikali ikakopa dola bilioni 1.5 sokoni ili ilipe deni la Eurobond, yaani mkopo wa dola kutoka kwa wawekezaji wa nje, lililopaswa kulipwa Juni. Hofu ikashuka, na miezi michache baadaye dola ikawa karibu 130. Tangu hapo nataka kuelewa soko hili kwa undani, nifundishe na kutafiti. Lakini mama ananitegemea, na mdogo wangu yuko sekondari. Nifanyeje?

MwalimuOtis
Binti yangu, nafundisha somo hili na ninalipenda. Mwaka 1983 wachumi Meese na Rogoff walipima nadharia za bei ya fedha za kigeni zilizosifika wakati huo wakakuta kwamba, kwa muda mfupi, hazimshindi mtu anayesema tu "kesho bei itakuwa kama leo". Bado tunahangaika na matokeo hayo. Kwa hiyo usije na pendekezo la kutabiri shilingi. Njoo na ulichokiona: wenye dola wanapozificha wakingoja bei ipande, nani hupata kwanza na nani hukosa? Wengi wetu tuna bei za kila siku za Benki Kuu tu. Wewe umeziona oda za wateja za kununua na kuuza zikiingia.

Baba Shiru
Dada, karo ya mdogo wako haingoji utafiti. Usiandike barua ya kuacha kazi kabla hujashika barua ya ufadhili. Anza na AERC, shirika la utafiti wa uchumi Afrika, wako hapa hapa mjini na wamesomesha wengi. Halafu migomo ya wahadhiri kudai mishahara unaisikia kila mara.

Mwanaisha
Lakini milango ipo. Njuguna Ndung'u alifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, akawa gavana wa Benki Kuu 2007 hadi 2015, akaongoza AERC, kisha akawa waziri wa fedha.

Baba Shiru
Huyo ni mmoja, Mwanaisha. Wahadhiri ni wangapi?

Nyawira_K
Asanteni sana. Ufadhili kwanza, nimekubali. Mwalimu, hizo oda naweza kuzitumia kwenye tasnifu?

MwalimuOtis
Bila idhini ya maandishi, usitoe hata moja. Ni siri za wateja. Omba ukiwa bado mfanyakazi, majina yaondolewe, na msimamizi wako aione barua hiyo kabla hujaandika sura ya kwanza.