Paul Scofield alipata Oscar akarudi jukwaani: kwa nini?

Chombo_Kaole: Wakuu, nimemaliza masomo ya sanaa hapa Bagamoyo na kuna watu wa tamthilia Dar wananiita. Mwalimu wangu hakuisha kumtaja Paul Scofield, Mwingereza, ati alishinda Oscar na wala hakwenda kuichukua. Kweli? Na kama alikuwa mkali hivyo, mbona filamu zake ni za kuhesabu?

MzeeWaNgoma: Kweli kabisa. Mwigizaji bora, 1967, kwa *A Man for All Seasons*. Alimwigiza Thomas More, yule aliyekatwa kichwa 1535 kwa kugoma kumtambua Mfalme Henry VIII kuwa mkuu wa Kanisa. Tuzo akampokelea Wendy Hiller, aliyecheza mkewe humo.

Ila usianzie kwenye Oscar. Uhusika ule aliuanza jukwaani London 1960, akavuka nao hadi Broadway, majukwaa makubwa ya New York, 1962 akapata Tony, tuzo ya jukwaa ya Marekani. Kamera inamkuta 1966, maneno yameshamwingia damuni. Itazame ile kesi mahakamani. Sisi tukiigiza hasira tunatoa macho na kupaza sauti. Yeye anaishusha, na wewe mwenyewe unasogeza kiti usikie. Sauti ile ilipikwa kwenye ukumbi wa Birmingham Repertory, alikokutana na mwongozaji Peter Brook wote wakiwa vijana. Brook huyo ndiye aliyemwongoza 1962 katika *King Lear* ya Shakespeare, na 2004 waigizaji wa kundi la Royal Shakespeare Company wakaupigia kura uigizaji wake humo kuwa ndio bora kuliko wote katika kazi za Shakespeare. Chukua *Juliasi Kaizari* ya Mwalimu Nyerere, useme hotuba ya Antoni pale ufukweni kusi ikivuma, bila kupiga kelele, na wa nyuma akusikie. Utaniambia.

DadaWaDunda: Mzee wangu, shikamoo, ila umempamba mno. Kuchagua jukwaa kunataka jukwaa linalolipa. Mwenzetu alikuwa na National Theatre, jukwaa la taifa kule London. 1979 akamcheza Salieri, mtunzi wa muziki anayemwonea wivu Mozart, pale katika mchezo wa *Amadeus*, wa kwanza kabisa. Filamu ilipotoka 1984 Salieri akawa F. Murray Abraham, na Oscar akachukua yeye! Huku tamasha likiisha wasanii wanarudi kupigia watalii ngoma hotelini. Mdogo wangu, nenda Dar. Ila mkataba usome.

MzeeWaNgoma: Marahaba mwanangu. Sijamwambia asiende. Hata Scofield filamu hakuzikimbia: *The Train* na Burt Lancaster, *Quiz Show* 1994, halafu Jaji Danforth katika *The Crucible*, 1996. Alichokimbia ni makeke. Walitaka kumpa u-Sir, ile heshima ya kifalme ya Uingereza, akakataa. Onyesho likiisha London anapanda treni kurudi Balcombe, kijijini, kwa mkewe Joy Parker, naye mwigizaji. Ameishi huko hadi anafariki 2008. Vijana wa sasa kipindi cha kwanza hakijaruka hewani, keshabadilisha namba ya simu.

Chombo_Kaole: Shikamoo mzee, asante dada. Mkataba ninao hapa. Umeandikwa nitalipwa "kwa kila kipindi nitakachoonekana". Yaani wakinikata kwenye uhariri sipati kitu?

DadaWaDunda: Hupati. Waambie waandike siku za kurekodi, uonekane usionekane, na nauli ya Bagamoyo–Dar iwe juu yao. Wakigoma, njoo utuambie hapa kabla hujatia saini.